Kumi na Saba, Kwenda Chini

Jumatatu ni ya Mchele. Ndivyo anavyojiita
mtungaji wa siku hiyo, na kweli ni mchele,
umepetwa, hauna chuya:
*Keti; au la moto; au mwenye magando (3).*
KAA, naandika, na chai haijapoa.

Jumatano ni Komba, na Komba ni mlevi,
kila herufi aigusayo hupepesuka.
*Mali imelewa, imelala barabarani (4).*
Wifi yangu Khuleta alicheka hadi mbaazi zikampalia.
"Lami! Hapa Kibokoni tuliahidiwa tangu uchaguzi ule."

Yeye kalamu ya wino, mimi penseli na kifutio.
"Ukijua, waandika. Hujui, wanyamaza,"
alisema dada wa mume wangu,
aliyeniita miaka kumi na mmoja "yule wa Changamwe",
kana kwamba Changamwe ni ng'ambo.

Hatukupendana. Sitaki kusema uongo.
Gazeti lilikuwa moja kwa sababu
yeye alikuwa na thelathini na mimi thelathini.
Na kabla ya gazeti tulisemezana kwa leso:
alivaa yake yenye jina, akapita mbele yangu mara mbili,
kesho yake nikamjibu kwa yangu, kimya, nikianika nguo.
Tulishajua, sote wawili,
neno linavyobeba neno tumboni.

Jumamosi ni ya Nge.
Jumamosi tulikuwa hatupiki mpaka adhuhuri.
*Habari zimechafuka; zinywe, hutakata kiu (6).*
Nilizunguka nayo Marikiti nzima,
nikapimiwa bamia nisizozitaka, nikasahau chenji.
Niliporudi, Khuleta alinyoosha kidole dirishani tu,
mwisho wa kichochoro, penye kipande cha buluu
upana wake kama mkeka wa kuswalia.
"Iko pale. Imekuwa pale tangu hujazaliwa."
Akaijaza mwenyewe, BAHARI,
polepole, ili nione.

Mwezi wa Rajabu alikwenda kupimwa presha,
gazeti la Jumamosi ndani ya mkoba.
Mkoba ulirudi.

Limekunjwa mara nne. Wino wake kila mahali,
isipokuwa kumi na saba, kwenda chini:
*Katikati ya sikitiko, pa kupumzikia (4).*
Herufi ya pili I. Ya nne I.

Watu walikuja na hitima, wakaenda na sahani zao.
Nilijaribu DINI. Mtu mwema angetosheka na DINI,
lakini N iligoma, haikukubaliana na neno linalokatiza.
Nilijaribu SIRI. Nilijaribu BIBI, nikaona haya.
KABURI lina sita, nashukuru.
Majibu ya Nge hutoka wiki ya pili yake,
na wiki hiyo sikununua.
Shilingi thelathini hazinunui nusu ya gazeti.

Kifutio kikala karatasi, pakawa na tundu
ambapo unaona habari za ukurasa wa nyuma,
timu fulani imefungwa, sijui na nani.

Jana mume wangu alifagia roshani.
"Hiki nikitupe?" Alikuwa amekishika mgongoni
kile cha dada yake, cha plastiki, kijani kilichopauka,
mguu mmoja umefungwa waya.
Nikamwambia ngoja.
Nikamwambia ngoja, usikitie chini, usikisogeze,
nikakimbia kabatini na mikono ya unga.

Nge hakuwa ameficha kitu.
Alikuwa amekiweka wazi, sebuleni mwa neno,
nami mwezi mzima nakizunguka nikitafuta pa kukaa.
Nikafunika herufi nne kwa kidole gumba,
zile za katikati, nikasoma zilizobaki kandokando:
SI.
KO.

"Kirudishe," nikasema.
"Wapi?"
"Palepale."

Kisha nikamwomba kalamu. Akanipa penseli.
Hapana, nikasema. Ya wino.